Muulize Daktari wa Mifugo: Jicho la Jack Russell na kupandisha ndugu kwa ndugu

Barua za kuku na mbuzi zitajibiwa toleo lijalo, naomba subira yenu. Mwezi huu nimejaza ukurasa kwa barua za mbwa aina ya Jack Russell, kwa sababu zimekuwa nyingi na zinagusana. Watu wa Mtwara na Lindi mnawajua: wadogo, weupe wenye mabaka ya kahawia au meusi, hawatulii, wakinusa panya wanachimba mpaka msingi wa nyumba. Wengi niliowatibu mimi walikuja na wageni wa kikazi enzi za ujenzi wa bomba la gesi. Wageni wakaondoka, mbwa wakabaki kwa walinzi, kwa majirani na kwa walimu, wakazaliana humu humu. Hilo la kuzaliana humu humu ndilo linalonikosesha usingizi, na mtaliona katika karibu kila jibu.

SWALI: Shikamoo daktari. Nina jike la Jack Russell, miaka mitano, jina lake Popi. Juzi jioni alikuwa anahangaika na kitu kwenye rundo la makuti. Asubuhi jicho la kushoto likawa jekundu, katikati bluu bluu, analifumba na machozi yanatiririka. Jirani akasema katemewa mate na swila, tukammwagia maziwa. Leo siku ya tatu hakuna nafuu, ila jicho la kulia ni zima. Mzee mmoja mwenye presha ya macho amenipa dawa yake ya matone nimtilie. La pili: Popi alizaa mwaka jana, nimebaki na watoto wake wawili, dume na jike. Watu wananiuliza watoto wa mbwa kila siku, na dume jingine la aina hii Mikindani sijaliona. Naweza kuwapandisha hao wawili?
Mwalimu, Mikindani

JIBU: Marahaba mwalimu. Tulishazungumza kwa simu siku ile ile, na ukamleta Popi jioni. Umeniruhusu niandike tulichokiona, nami nashukuru, kwa sababu kuna mbwa wengine mjini hapa watakaopona kupitia jicho lake.

Tuanze na swila. Ni kweli nyoka huyu yupo kwetu, ni kweli anatema, na ni kweli Jack Russell hana akili ya kumkwepa. Lakini sumu ya swila ikiingia jichoni haingoji asubuhi. Papo hapo mbwa anapiga kelele, anasugua uso mchangani, kope zinavimba zinafunga. Popi usiku ule alikula, akalala. Na hata angekuwa ametemewa, cha kwanza ni maji safi, mengi, dakika kumi na tano mfululizo bila kupumzika, kisha aletwe. Maziwa yanywe watoto.

Tulimwingiza Popi stoo, tukafunga dirisha, nikamulika tochi kutokea pembeni. Mbele ya mboni, mahali panapotakiwa kuwa na maji matupu, palikuwa na duara zima limekaa, ukingo wake unang'aa rangi ya dhahabu. Hiyo ni lenzi, kioo kidogo cha ndani ya jicho kinachokusanya mwanga. Kazi yake ni kukaa nyuma ya mboni, na yake ilikuwa imeanguka mbele. Nilipogusa kope kwa ncha ya kidole, jicho lilikuwa gumu, ishara kwamba presha ya ndani imepanda sana. Nikamulika la kulia, lile ulilosema ni zima. Kila Popi alipogeuza kichwa, sehemu yenye rangi ilitetemeka kidogo. Inatetemeka kwa sababu lenzi iliyo nyuma yake haijashikwa imara. Kwa hiyo mwalimu, jicho la kulia nalo liko njiani.

Lenzi ya jicho imening'inizwa kwa nyuzi nyembamba zilizoizunguka pande zote. Fikiria kitanda cha kamba: kamba zikianza kukatika upande mmoja, zilizobaki zinabeba mzigo usio wao, nazo zinakatika. Mbwa wenye kasoro katika jeni (kinasaba, maelekezo ya mwili yanayorithiwa) iitwayo ADAMTS17 huzaliwa na nyuzi dhaifu. Utotoni huoni kitu. Anakua, anazaa, anawinda, halafu kati ya miaka mitatu na minane, mara nyingi, nyuzi zinaachia. Lenzi ikiangukia mbele inaziba njia ya maji ya jicho, presha inapanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa. Hapo tunahesabu saa. Jicho linaweza kupofuka kabisa ndani ya siku moja hadi tatu, na maumivu yake ni makali, ingawa teria, kundi la mbwa wa kuwinda ambalo Jack Russell yumo, ni mbwa anayevumilia mpaka mwenye mbwa anadhani hali si mbaya.

Matone ya mzee yarudishe kwake, na umshukuru kwa moyo wake. Baadhi ya dawa za presha ya macho za binadamu hubana mboni. Lenzi ikiwa imeshaangukia mbele, mboni ikibana inaifungia huko huko na presha inazidi. Dawa hizo hizo, lenzi ikiwa bado nyuma inayumbayumba, zinaweza kusaidia isivuke kuja mbele. Chupa moja, jicho moja, na matokeo mawili yanayopingana. Ndiyo maana siwezi kukubali mtu atie matone kabla jicho halijamulikwa.

Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa, halikuitikia hata mwanga mkali. Tukaliondoa kwa upasuaji, kwa sababu jicho pofu lenye presha linauma kila saa ya uhai wa mbwa. Najua ulitoka nje kulia, mwalimu. Lakini ulimwona mwenyewe wiki iliyofuata anakimbiza mijusi ukutani. Kwa jicho la kulia umepewa matone, mchana na usiku, na kila ninapokuambia umlete, umlete. Tiba kamili ni kuitoa lenzi kabla haijaanguka, na hiyo inahitaji mpasuaji wa macho ya wanyama na vifaa vyake. Anzia kwa simu kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, uliza wanachoweza kufanya kwa sasa, kabla hujampandisha mbwa basi.

Sasa la kupandisha, na hapa naomba unisikilize kwa makini.

Kila mbwa ana nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Kwa ugonjwa huu, anayeugua kwa kawaida ni yule aliyepata nakala mbovu kutoka pande zote mbili. Mwenye nakala moja mbovu na moja nzima anaitwa mbebaji: macho yake kwa kawaida ni salama, ingawa wachache kati yao nao huugua. Popi anaumwa, kwa hiyo karibu hakika nakala zake zote mbili ni mbovu. Hana nzima ya kumpa mtoto. Kila mtoto aliyemzaa, hao wawili ulionao na wale uliowagawa, amepokea nakala mbovu moja kutoka kwake. Hapo nafasi ya kukosea ni ndogo. Kinachobaki ni baba yao alitoa nini. Uliniambia baba ni dume la Shangani ambalo mama yake na mama wa Popi walitoka tumbo moja. Inawezekana sana naye ni mbebaji, na kama ni hivyo, kila mtoto alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuwa kama Popi.

Chukua hali nzuri kuliko zote: hao dume na jike ni wabebaji tu. Ukiwapandisha, kila mtoto atakayezaliwa ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbovu mbili. Kama mmoja wao ni mgonjwa ambaye ugonjwa haujajitokeza, na mwingine mbebaji, nafasi inakuwa nusu. Kama wote wawili ni wagonjwa, tumbo zima litakuwa la wagonjwa. Na watazaliwa wazuri, wanono, macho yanang'aa. Utawauza kwa furaha. Atakayelia ni mtoto wa mtu mwingine huko Nanyamba au Ndanda, mbwa wake akishafika umri ambao kila mtu nyumbani amemzoea.

Jibu langu ni hapana. Watenganishe leo, maana jike akiingia kwenye joto hutaweza kumlinda kwa uzio wa makuti. Dume mhasi. Wale waliochukua watoto wengine wa Popi wapigie simu wote, waambie wamulikwe macho kila mwaka kuanzia umri wa miaka miwili, na wakiona jicho jekundu wasingoje kesho.

Anayetaka uhakika kuna kipimo cha vinasaba. Unasugua kijiti cha pamba ndani ya shavu la mbwa, unakikausha, unakiweka kwenye bahasha, kinatumwa kwenye maabara za Ulaya au Marekani zinazopima mbwa. Jibu linakuja kwa baruapepe: salama, mbebaji, au mgonjwa. Kasoro hii iligunduliwa mwaka 2010, na ajabu yake ni kwamba aina nyingi za teria zina kasoro ile ile moja, ishara kwamba ni ya zamani kuliko aina zenyewe. Jack Russell ametokana na mbwa wa John Russell, mchungaji wa Kianglikana wa Devon, Uingereza, aliyefariki mwaka 1883. Mwaka 1819, akiwa mwanafunzi Oxford, alinunua kwa muuza maziwa jike jeupe aitwaye Trump, na kwake akaanza kizazi cha mbwa wa kufukuza mbweha mashimoni. Kasoro imesafiri na vizazi hivyo kimyakimya, miaka mia mbili, mpaka Mikindani.

Utaniuliza, basi watu wafanye nini, na mji una mbwa wachache hivi? Mimi nasema mchanganye na mbwa wa kienyeji. Najua wengi hamtapenda. Mnataka mtoto "pyua" kwa sababu pyua ana bei. Lakini mbwa wetu wa kienyeji, wale walioongozana na wawindaji wa Kimakonde porini, wametoka kwenye ukoo mpana, na nafasi ya kukutana na kasoro hii hii kwao ni ndogo mno. Mbebaji akipanda jike lisilo na kasoro, hakuna mtoto atakayepata nakala mbili. Nusu yao, kwa wastani, hawatakuwa nayo kabisa. Watakuwa chotara wenye akili, wepesi, wanaofukuza panya vizuri tu. Ila wasije wakarudishwa kupandwa na Jack Russell wa mji huu huu, maana tutakuwa tumerudi pale pale.

SWALI: Daktari habari za kazi. Nilinunua watoto wawili wa Jack Russell, wa tumbo moja. Mmoja alipofika miezi mitatu akaanza kuyumba, anatembea akirusha miguu ya mbele juu, akikimbia anaanguka. Sasa ana miezi mitano. Jua likiwa kali nyama za ubavuni zinacheza zenyewe chini ya ngozi, anahema, na ameshawahi kuzimia. Anakula vizuri na anachangamka. Mama mkwe anasema ni husuda ya jirani, mume wangu anasema ni kichaa cha mbwa tumuue. Mwenzake hana tatizo. Nimechanganyikiwa.
Mama lishe, Masasi

JIBU: Pole mama. Kichaa cha mbwa ndicho ninachokitoa njiani kwanza, siku zote, kwa sababu kinaua watu. Mumeo hajakosea kukiwaza. Mikoa yetu ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kuchanja mbwa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kusini-mashariki mwa nchi kuanzia mwaka 2010, na wengi wetu tunakumbuka foleni za watoto na mbwa wao wamefungwa kamba za katani. Ugonjwa haujaisha, chanjo ni kila mwaka. Lakini mbwa mwenye kichaa, dalili zikishaanza, kwa kawaida hamalizi siku kumi. Wako ana miezi miwili anayumba na anakula. Hicho si kichaa. Hata hivyo, akiwa ameanguka msimtie mkono mdomoni, na mtu yeyote akiumwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Cha pili ni distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Hiyo huanza na homa, makamasi, tongo, kikohozi, kuharisha, ndipo misuli inapoanza kuchezacheza. Ulinijibu kwamba hakupata hata kimoja kati ya hivyo, na kadi ya chanjo unayo.

Video uliyonitumia ndiyo iliyonipa jibu. Anaweka mguu mbele kwa kuurusha juu mno, unatua kwa kishindo, na mwili wa nyuma unapepesuka. Anapotaka kugeuka anajitahidi, ubongo unajua anataka kwenda wapi, ila vipimo vya hatua vimepotea. Huu ni ugonjwa wa kurithi wa sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo na mizani. Kwa Jack Russell na ndugu yake Parson Russell kasoro mbili zinajulikana. Moja, iliyotambuliwa mwaka 2013, huwa katika jeni CAPN1 na kwa kawaida huonekana mbwa akiwa na miezi sita hadi mwaka. Nyingine, ya mwaka 2014, iko katika jeni KCNJ10, huanza mapema, miezi miwili hadi sita, na inaweza kuambatana na kucheza kwa misuli chini ya ngozi au kifafa. Wako anaelekea huko kwa pili. Kipimo cha vinasaba ndicho kitakachothibitisha.

Na kuna jambo la kufanya leo, kabla ya kipimo. Misuli inapocheza hivyo inazalisha joto jingi, na mtoto anaweza kufa kwa joto la mwili wake mwenyewe. Jua la Masasi mwezi wa kumi na moja unalijua wewe. Saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni akae ndani, sakafu ya saruji, maji karibu. Ukiona ubavu umeanza, mwagie maji ya kawaida ya mtungi tumboni na mapajani, mpepee, usimfunike na kanga iliyolowa ukamwacha, maana inatunza joto. Michezo na watoto iwe alfajiri na jioni.

Dawa ya kuponya hakuna. Zipo dawa za kupunguza misuli kucheza, na tutazijaribu ukimleta. Lakini nitakuwa mkweli kwako: wengi hali yao huzidi, na siku inafika mbwa hawezi kufika kwenye bakuli bila kuanguka. Siku hiyo kumlaza kwa sindano ni huruma, na mimi mwenyewe nitakuja Masasi kuifanya kama utahitaji, afe mikononi mwa watu wake. Si kwa rungu, tafadhali sana.

Mama mkwe mwambie kwa upole kwamba jirani hahusiki. Wazazi wa mtoto huyu, wote wawili, ni wabebaji, nao huenda wanakimbia vizuri kabisa huko walipo. Mpigie aliyekuuzia. Mwambie asiwapandishe tena hao wawili, hata mara moja. Na yule mzima uliyebaki naye, mlee, mpende, ila usimzalishe: mtoto mzima wa tumbo lenye mgonjwa ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa mbebaji.

SWALI: Daktari, mtoto wangu wa mbwa ana miezi saba. Akikimbia, ghafla anakunja mguu mmoja wa nyuma, anaruka na mitatu hatua mbili tatu, anaurusha nyuma, anaendelea kawaida. Wenzangu kijiweni wanasema nilimbania kwenye bodaboda. Nimsugue na nini?
Dereva wa bodaboda, Lindi mjini

JIBU: Usimsugue na chochote, na acha kujilaumu. Ulivyoeleza, hatua mbili tatu kisha kurusha mguu nyuma, ni pia ya goti inayoteleza kutoka kwenye mfereji wake na kurudi. Mbwa wadogo wengi huzaliwa na mfereji usio na kina cha kutosha. Tunaupanga ugonjwa huu kwa daraja nne. La kwanza pia inatoka ukiisukuma tu, la nne imehama moja kwa moja. Mbwa wako anaelekea la pili, na wengi wa daraja hili wanaishi vizuri bila kisu ikiwa hawanenepi. Jack Russell wa sentimita 30 begani anatakiwa awe na kilo sita hivi. Nimeona wa kilo kumi mjini Lindi, analishwa ugali na mafuta ya samaki wa kukaanga, halafu mwenyewe anashangaa magoti.

Ila angalia hili: mguu ukianza kuuma muda wote, hataki uushike kiunoni, na ukilinganisha mapaja moja linakonda, basi tatizo liko juu zaidi. Kwa teria wadogo wa umri huu, miezi minne hadi kumi na miwili, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu, kikaoza taratibu kwenye nyonga. Eksirei inaonyesha. Tiba ni kukikata kichwa hicho, na mwili unajenga kiungo cha nyama badala yake. Inatisha kusikia, lakini mbwa mwepesi anatembea vizuri sana baada ya hapo, mradi umfanyishe mazoezi mapema. Magonjwa yote mawili yanatembea kwenye ukoo. Kwa hiyo huyu naye, mhasi.

SWALI: Mtoto wetu ni mweupe mwili mzima mpaka masikio. Tukimwita haji. Tukigonga sufuria anageuka. Ni kiziwi au mkaidi?
Familia ya Chuno

JIBU: Sufuria haipimi kitu. Anaona mkono wako ukipanda, au anahisi mtikisiko sakafuni. Ngoja alale fofofo, simama nyuma yake mahali pasipo na upepo wa kumpelekea harufu yako, tikisa funguo bila kukanyaga kwa nguvu. Rudia siku nyingine. Kama hata sikio halichezi, ni kiziwi. Kwa mbwa weupe chembe zinazotoa rangi zinaweza kukosekana pia ndani kabisa ya sikio, na zisipokuwepo, sehemu inayolisha chembe za usikivu inakufa mtoto akiwa na wiki chache tu. Hakuna dawa ya kuirudisha. Lakini atajifunza ishara za mikono haraka kuliko mnavyofikiri: mkono juu kaa, mkono kifuani njoo. Akiwa amelala msimguse ghafla, gonga godoro lake kwanza. Barabarani awe na kamba kila wakati, pikipiki haziangalii. Wapo wenye uziwi wa sikio moja ambao hakuna anayewagundua, wanazalishwa, na baadhi ya watoto wao wanatoka viziwi kabisa. Ukiwa na ndugu zake wa tumbo moja karibu, wapimeni.

SWALI: Mbwa wangu, Jack Russell wa miaka miwili, anajikuna usiku kucha, analamba vidole mpaka vimekuwa vyekundu. Wanasema ni salfa ya mikorosho.
Mkulima, Tandahimba

JIBU: Inawezekana salfa inachangia. Mnapopulizia dhidi ya ubwiri unga vumbi lile linatua kwenye majani, kwenye maji, na mbwa mfupi anapita tumbo likifagia nyasi. Siku za kupuliza mfungie nyumbani, na akirudi shambani muoshe miguu na tumbo kwa maji, mkaushe katikati ya vidole.

Lakini miaka miwili, vidole, usiku: mimi nawaza pia mzio wa kurithi, ambao teria wanao sana. Huanza kati ya miezi sita na miaka mitatu, na hupenda uso, masikio, kwapa, tumbo na vidole. Kabla ya kuuita mzio tunaondoa viroboto kwa dawa, kwa mbwa wote wa nyumba na mahali wanapolala, na tunakwangua ngozi kutafuta upele. Wengi wanapona hapo hapo. Usimpake oili chafu ya gari, naomba sana, anailamba na ini lake linaumia. Andika kwenye daftari siku mnazopuliza na siku anazojikuna zaidi. Kama msimu wa salfa utaisha na bado anajikuna vile vile, mlete pamoja na daftari hilo.